Doa Hufuliwa: Vitenzi Vilivyojificha Ndani ya Maneno ya Ubaguzi

Hotuba kwa watangazaji wa redio, wakalimani wa mahakamani na walimu wa Kiswahili, Mombasa

Wazee wetu mlioketi mbele, kina mama, vijana wa redio, wakalimani na walimu: asalaam aleikum, na hamjambo nyote.

Tuanze na mabasi. Kila ikifika katikati ya Desemba, Mwembe Tayari hapapitiki. Mizigo imetoka hadi barabarani, nauli imepanda, na mtangazaji akiulizwa kuna nini huko atasema hewani bila kufikiri mara mbili: "Wabara wanaenda kwao." Hakuna atakayekasirika. Mbara mwenyewe, yaani mtu wa bara anayeishi huku Pwani, tiketi mkononi, ataitikia kwamba ndiyo, naenda kwetu, tukijaliwa tutaonana Januari.

Sasa chukueni sentensi hiyo hiyo, maneno hayo hayo matatu, mguse kitenzi tu: "Wabara waende kwao." Msemo huu ulikuwemo katika orodha ya maneno ya uchochezi iliyotolewa na Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa mwezi Aprili 2022, tukielekea uchaguzi wa Agosti. Nomino ni ile ile. "Kwao" ni ile ile. Kilichotoka ni kiambishi -na-, na irabu ya mwisho ikageuka kutoka a ikawa e. Taarifa ya safari imekuwa amri ya kufukuza watu.

Tukiulizwa kama neno fulani ni la chuki, sote hukimbilia nomino. Mbara, mkuja, kafiri, mende: tunayaorodhesha na kuyapiga marufuku. Nomino hizo zina makosa yake, lakini ubaguzi wenyewe hukaa kwenye kitenzi, kile kinachotamkwa au kile kilichofichwa. Anayetaka kujua neno limehama kutoka maana gani kwenda maana gani, afuate kitenzi chake.

Neno "ubaguzi" lenyewe ni ushahidi. Kubagua ni kutenga hiki na kile, ukakipokea kimoja na kukikataa kingine. Kitenzi hiki kina adabu yake: kinataka mtendaji, kinataka yambwa, yaani anayetendewa au kinachotendewa, na kinataka jambo ambalo ubaguzi umefanyika ndani yake. Tunaposema maradhi hayabagui, kila mtu anajua sentensi inaendelea: hayabagui tajiri wala maskini. Kisha likaja "ubaguzi wa rangi", jina tulilolizoea kwa utawala wa Afrika Kusini kuanzia 1948 hadi uchaguzi wa 1994. Kwa kizazi kizima, ubaguzi ulikuwa jambo la serikali: pasi za kutembelea, mabenchi yaliyoandikwa nani akae, ndoa zilizokatazwa na sheria. Leo kijana ambaye hakualikwa harusini husema "huo ni ubaguzi", na mpangaji aliyenyimwa nyumba Nyali kwa sababu ya jina lake husema vivyo hivyo. Hatumlaumu kijana, lugha ni yake. Tatizo ni kwamba malalamiko ya mpangaji sasa husikizwa kwa sikio lililochoshwa na malalamiko ya harusi.

Dawa yake ni ya kisarufi na haigharimu kitu. Rudisha nomino iwe kitenzi, kisha jaza nafasi zake: amebaguliwa na nani, katika nini, kwa sababu gani? Sababu ikishapatikana, fungua Katiba ya 2010, Ibara ya 27, kifungu kidogo cha 4. Humo mna mbari, jinsia, ujauzito, hali ya ndoa, hali ya afya, asili ya kikabila au ya kijamii, rangi, umri, ulemavu, dini, dhamiri, imani, utamaduni, mavazi, lugha na kuzaliwa. Mavazi yamo, lugha imo; wengi hawajui. Na orodha yenyewe haikufungwa, imeandikwa kama mifano. Mpangaji wetu ataipata sababu yake humo bila kutafuta sana. Kijana wa harusi ana ugomvi na binamu zake.

"Ukabila" una ugonjwa mkubwa zaidi, kwa sababu hauna kitenzi hata kidogo. Hakuna anayesema "amenikabila". Kukabili ipo, na mzizi wake wa Kiarabu ni huo huo, lakini maana yake ni kumwelekea mtu uso kwa uso, jambo ambalo mwenye ukabila hulikimbia. Nomino isiyo na kitenzi ni rahisi kumrushia mtu, maana hulazimiki kusema amefanya nini. Sokoni Kongowea, mama akikataa kupunguza bei ya nyanya huitwa mkabila, watu wakacheka. Ofisini, "hapa kuna ukabila" inaweza kuwa mkubwa amemwajiri mpwa wake, au watu wanazungumza lugha ya kwao mkutanoni wenzao wakiwa hawaelewi, au nafasi ya kazi ilitangazwa baada ya kujazwa. Ni vitendo vitatu tofauti, na kila kimoja kina mlango wake wa kulalamikia. Mkalimani anayesikia "kulikuwa na ukabila" akatafsiri kwa neno moja na kuendelea, amelifunga jambo ambalo hakimu alipaswa kuliuliza.

Kumbukeni pia kwamba neno "kabila", baba yake ukabila, linatafutwa kwa udi na uvumba. Wamakonde walitembea kwa miguu kutoka Kwale kuelekea Nairobi mwezi Oktoba 2016 wakidai vitambulisho. Mwaka 2017 wakatambuliwa kuwa kabila la 43 la Kenya, na mwaka huo huo Wakenya wenye asili ya Kihindi wakawa la 44. Wapemba wa Kilifi na Kwale walitambuliwa 2023. Kwa watu hawa, kabila ni kutambuliwa, na kutambuliwa ni kadi mfukoni. Nacho kitenzi hicho, angalieni, kiko katika kauli ya kutendwa: hujitambui mwenyewe mbele ya msajili.

Sasa "wakuja". Hapa tunaomba mvumilie kidogo, maana ni neno letu sisi wa Pwani na halitusifu.

Asili yake ni "watu wa kuja". Watu likaanguka, "wa" na "kuja" vikashikana, na wengine wameshaliundia umoja, mkuja. Tazameni kitenzi kilichomo. Ni kitenzi-jina, ku- na shina. Kitenzi-jina hakina wakati. Hakina -li-, hakina -me-. Ukisema "waliokuja", umekubali kwamba safari iliisha: walikuja, wakafika, wapo. Ukisema "waliohamia", vivyo hivyo. Lakini "wa kuja" hafiki kamwe. Aliyeteremka garini Mombasa mwaka 1950 ni wa kuja. Mwanawe aliyezaliwa Majengo, akasoma hapa na kuoa hapa, ni wa kuja. Mjukuu ambaye Kiswahili ndicho lugha yake ya pekee, naye pia. Sarufi imewaweka njiani milele.

Na yale yaliyotokea Likoni yanatuonyesha kitenzi hicho kikikamilika. Usiku wa tarehe 13 Agosti 1997 kituo cha polisi cha Likoni kilivamiwa, na katika siku na wiki zilizofuata watu wa bara waliuawa na nyumba na vibanda vyao vikachomwa, maelfu walihama. Vipeperushi vilivyosambazwa viliwaamuru waondoke. "Wa kuja" amepata kitenzi chake cha pili, "aondoke". Ni jozi inayokaa pamoja kwa urahisi wa kutisha: asiyefika hana pa kukaa. Ndiyo maana "wakuja" nalo liliingia kwenye ile orodha ya 2022, ingawa vibarazani wazee hulitumia kwa utani, na mwenye kutaniwa hucheka na kunywa kahawa yake. Utani upo, hatuukani. Lakini kwenye utani kitenzi kinachofuata ni "karibu".

Hapo hapo, tusiwafunge midomo watu wa Pwani wenye dai la haki. Sheria ya Hati za Ardhi ya 1908 iliwapa hati waliofika mbele ya msajili na madai yao, na jamii nyingi za Mijikenda zikajikuta maskwota juu ya mashamba ya mababu. Hasira ya jambo hilo haijaisha. Mtu akisema "tunataka hati", yambwa ya kitenzi chake ni karatasi, na anayeambiwa ni ofisi. Katiba imeipa Tume ya Kitaifa ya Ardhi kazi ya kuchunguza dhuluma kama hizo, Ibara ya 67. Akisema "waende kwao", yambwa imepotea, hati imepotea, ofisi imepona, na jirani ndiye anayebaki kuwa tatizo.

Kundi la pili la maneno ni yale ambayo kitenzi hakisikiki kabisa. Hayo ndiyo magumu.

Doa ni alama juu ya nguo. Madoadoa ni doa lililorudufishwa: limetapakaa, liko kila mahali. Fundi atakuambia kitambaa cha madoadoa, mfugaji atakuambia ng'ombe wa madoadoa, na wote hawana ubaya. Bonde la Ufa, wakati wa ghasia za miaka ya 1990 na zile zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, neno hilo lilitumiwa kwa watu wa makabila mengine waliokuwa wakiishi huko. Hakuna kitenzi kilichotajwa, na hakikuhitajika. Kila mtu anajua doa hufanywa nini. Doa hufuliwa. Kwekwe, neno jingine la orodha ile, hung'olewa, tena na mzizi wake. Mende hupigwa dawa, na ndiyo maana neno la kupuliza dawa ya wadudu nalo liliorodheshwa. Nomino inaletwa mezani ikiwa na kitenzi mfukoni, na msikilizaji ndiye anayekitoa. Msemaji akishtakiwa ana pa kukimbilia: mimi nilisema madoadoa, nani alisema muwafukuze? Januari 2022 seneta mmoja alikamatwa baada ya kulitamka neno hilo jukwaani Eldoret. Utetezi wake ulikuwa kwamba alimaanisha wagombea wa vyama vingine, watu wapige kura ya chama kimoja kuanzia juu hadi chini. Hatumhukumu hapa. Tunachosema ni kwamba utetezi huo unawezekana kwa sababu kitenzi hakikutamkwa.

Rwanda inafundisha jinsi jina la namna hiyo linavyotanuka. Miaka ya 1960 "inyenzi", yaani mende, liliwahusu wapiganaji wa Kitutsi waliokuwa wakishambulia kutokea nchi jirani. Lilikuwa jina la kundi lenye silaha. Vita viliporudi Oktoba 1990 jina nalo likarudi, na kufikia 1994, kwa msaada wa redio RTLM iliyoanza kutangaza Julai 1993, lilikuwa limemfunika Mtutsi yeyote, mwenye bunduki na mtoto mchanga. Desemba 2003 mahakama ya kimataifa iliyokaa Arusha iliwatia hatiani watu watatu waliohusika na redio hiyo na gazeti moja. Watangazaji mliopo hapa, hao ni watu wa tasnia yenu waliokuwa kizimbani, na vifaa vyao vilikuwa redio na gazeti.

Kafiri tulipitie upesi, maana linastahili hotuba yake. Mimbarini, kitenzi chake ni kukufuru, na mtendaji ni mtu huyo mwenyewe: ni neno la itikadi yake. Wareno walilichukua kwa wafanyabiashara wa Kiarabu wakawaitia watu weusi, likateremka hadi Afrika Kusini, na huko likawa tusi la rangi lisilohusu imani tena. Mwaka 2018 mwanamke mmoja alifungwa jela huko kwa kulirudiarudia kwa polisi. Kwenye orodha yetu ya 2022 lilionekana likiwa na kitenzi "chinja" mbele yake. Kukufuru kumeondoka, mtendaji amekuwa mtendwa. Khatibu na mchochezi wametamka nomino moja, lakini sentensi zao hazina undugu.

Maneno mengine hupona, na ni vizuri kujua yanaponaje. Muungwana alikuwa kinyume cha mtumwa, mtu aliyezaliwa huru. Mstaarabu, kwa asili yake ya Kiarabu, ni aliyejifananisha na Waarabu. Yote mawili yalikuwa ngazi: wapo juu, wapo chini. Utumwa ulifutwa kisheria katika pwani hii mwaka 1907, na ukipita Kengeleni unapita mahali palipopata jina kwa kengele ya Frere Town, kijiji cha walioachwa huru kilichoanzishwa 1875. Leo mwenye gari akikuomba radhi kwa kukurushia maji ya mvua, utasema huyu muungwana, na hakuna mtumwa anayewaziwa. Kitenzi kilichoshikilia ngazi ile, kumiliki mtu, kimeondoka, na neno likabaki na adabu peke yake. Mshenzi alifuata njia hiyo nusu. Zamani za misafara lilikuwa jina la watu wa ndani ya bara. Walowezi wa Kiingereza wakaliazima kwa kitu chochote kibovu, hata mbwa asiye na ukoo. Sasa ni tusi la tabia. Lakini halijapona sawasawa. "Mshenzi wewe" ni ugomvi wa foleni ya feri. Ukiliwekea -a unganifu na jina la mahali, "washenzi wa" kule fulani, msafara wa karne ya 19 unaondoka tena.

Kuna mtego wa ngeli ambao walimu wanaujua. Kiwete, kipofu, kiziwi, kilema: watu wamewekwa pamoja na viti na vijiko. Wengi wanadhani hilo peke yake ni tusi na kwamba kila neno la ki- lazima libadilishwe. Wenye maneno yao hawakubaliani hivyo. Tanzania, viziwi wenyewe wamekiita chama chao Chama cha Viziwi, CHAVITA. Wasioona wameliacha neno kipofu wakajiita Chama cha Wasioona. Kabla ya kusahihisha mtu, waulize wenye jina. Ki- inayouma kweli ni ile anayobandikwa asiyestahili: kijitu, kijanamke. Na sikilizeni upatanisho: "kijitu hiki kimekuja" kimemwondoa mtu katika watu mpaka kwenye kitenzi.

Sasa sheria, kwa ufupi. Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008, kifungu cha 13, inatoa faini isiyozidi shilingi milioni 1, au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili. Inataka maneno au mwenendo wa kutisha, kutukana au kudhalilisha, na pamoja na hayo, nia ya kuchochea chuki ya kikabila au mazingira yanayoonyesha kwamba chuki hiyo inaelekea kuzuka. Someni kifungu hicho chote, hamtakuta nomino moja iliyokatazwa. Kinatazama kitendo na mazingira. Chuki inayotajwa ni ya rangi, mbari, uraia, asili ya kikabila au ya kitaifa. Dini haimo, ingawa Ibara ya 33 ya Katiba inaondoa ulinzi kwa uchochezi wa misingi yote ya Ibara ya 27, dini ikiwemo. Kwa hiyo "chuki" ya mtaani, ile ya "wananionea chuki kwa sababu nimejenga", haina uhusiano na kifungu hiki. Mheshimiwa anayeulizwa barabara ilikwendaje akajibu "hiyo ni matamshi ya chuki" amechukua neno la sheria akalivalisha wivu.

Tumalizie na studio. Kipindi cha simu, saa mbili usiku, msikilizaji anasema "waende kwao". Makosa ya kawaida ni mawili. La kwanza, mtangazaji kulirudia: "Unasema waende kwao?" Sasa limesikika mara mbili, na mara ya pili kwa sauti ya kituo. La pili ni kumkanya neno tu: "Tusitumie lugha hiyo, ndugu yangu." Msikilizaji atasema sawa, "wale wenzetu basi", na mji mzima umeelewa. Umekataza nomino, amekupa nyingine, kitenzi kimepita salama.

Uliza kitenzi. "Unataka kifanyike nini?" Akijibu, "Kifanywe na nani?" Kisha, "Anza na jambo moja: shamba gani, ofisi gani, mwaka gani?" Uliza kwa utulivu, moja baada ya jingine, usimpe matatu kwa pamoja. Mkalimani wa mahakamani afanye vilevile kwa kalamu: aandike kitenzi kama kilivyotamkwa, -na- ikiwepo aiweke, e ya mwisho ikiwepo asiilainishe, na akiona neno lina maana mbili aombe ruhusa ya mahakama kulieleza badala ya kuchagua moja kimya kimya.

Wapo watakaojibu. Ataitaja plot, ataitaja hati iliyotoka bila wao kuitwa, na dakika mbili baadaye kipindi kimekuwa cha ardhi. Hapo mpe nafasi, mpigie na ofisi husika. Wengine, baada ya "kifanyike nini", hunyamaza kidogo, kisha hurudisha nomino ile ile kwa sauti kubwa zaidi. Huyo hana kitenzi cha kutamka hewani. Bonyeza kitufe, weka wimbo.